Fahamu: Kompyuta ikinyamaza baada ya kuhamia Windows 11

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanahamia Windows 11. Kwa mtumiaji asiyeona, kinachotisha ni ukimya. Kisoma skrini, yaani programu inayotamka kilichoandikwa kwenye kioo, kisipowaka, hana njia ya kuingia kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Narrator, kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows, kitaanza kuzungumza. Kitumie kuwasha au kusakinisha upya NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, ambacho kina hata sauti ya Kiswahili, ingawa bado ni kavu. Ni busara kuweka nakala yake kwenye flashi kabla ya kuhama. Huendeshwa humo humo bila kusakinishwa.

Bado kimya? Huenda sauti imeelekezwa kwingine, kwa mfano kwenye televisheni iliyounganishwa, au draiva ya sauti haikuhamia.

Ndugu mafundi, msimrudishie mteja asiyeona kompyuta yake kabla hamjaisikia ikizungumza.