Utangulizi: Gharama ya Zamu

Watu wakisikia kwamba kuna wasomi wanaochunguza nyumba ndogo za sanaa, zile zinazoendeshwa na wenyeji bila mshahara, hudhani tunakwenda kuangalia picha. Picha zina wataalamu wake, nao hawana haja ya msaada wetu. Sisi tunauliza nani anafagia ukumbi, nani analipa bili ya umeme, fedha za mchoro uliouzwa zinagawanywaje, na mchoro usiouzika mwaka mzima nani anamwambia mwenyewe aje auchukue. Ukiyaona maswali hayo kuwa madogo, karibu zaidi, maana wengi wetu tuliingia tukiwa na mawazo hayo hayo.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1817 wakazi wa Hamburg, Ujerumani, waliunda chama cha wapenda sanaa, na vyama vya namna hiyo vikaenea katika miji ya Kijerumani, mikubwa kwa midogo. Mwanachama alilipa ada ya mwaka, chama kikanunua kazi za wachoraji, na mara nyingi kazi hizo ziligawanywa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliolipa. London, mwaka 1881, kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianza kutundika michoro ya kuazima katika madarasa ya shule ya parokia yao huko Whitechapel, mtaa wa watu maskini. Jambo lililozua ugomvi lilikuwa kufungua Jumapili. Kibarua hakuwa na siku nyingine ya kuja, na wakubwa wa kanisa hawakutaka kusikia. Maonyesho hayo ndiyo yaliyozaa Whitechapel Gallery, iliyofunguliwa 1901. Kwa hiyo anayedhani kupanga saa za kufungua ni kazi ya karani tu, na aanze na sura ya pili.

Kwetu Afrika Mashariki, mtu wa kumtaja kwanza ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyesomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Miaka ya 1960 alianzisha nyumba ya sanaa huko kwao, chini ya Kilimanjaro, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Kwamba mtu wa wakati ule alidhani kijiji cha wakulima wa kahawa kinastahili ukuta wake wa picha ni jambo ambalo historia zetu za sanaa hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza pamoja, na mwaka 1990 wakawa na ushirika rasmi. Kisha kuna Ngecha, kijiji cha upande wa Limuru nchini Kenya, ambako wachoraji waliunda chama chao mwaka 1995. Wengi wa wachoraji wa eneo lile hawakupitia chuo chochote cha sanaa. Kwa miaka kadhaa mlango mkuu wa kuuzia kazi za wenzao wa aina hiyo ulikuwa Gallery Watatu ya Nairobi, chini ya Ruth Schaffner. Schaffner alifariki mwaka 1996. Anayetegemea mnunuzi mmoja hujifunza haraka faida ya kuwa na ukuta wake mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye kiini cha kitabu hiki. Katika mji mdogo wa Uingereza, anayekaa mezani kwenye nyumba ya sanaa ya kijamii mara nyingi ni mstaafu. Pensheni yake inaingia, akae au asikae. Katika mji mdogo wa kwetu anayekaa pale aghalabu ni mchoraji mwenyewe, na siku ya zamu ni siku asiyoshika brashi. Vitabu vilivyoandikwa ng'ambo kuhusu kazi ya kujitolea huichukulia kama ziada: muda uliobaki, unaotolewa kwa moyo. Ukivileta vitabu hivyo Limuru au Marangu bila kuvigeuza, vitakupoteza.

Fanya hesabu. Tuseme mchoro umeuzwa shilingi 10,000 na kikundi kinakata asilimia 20. Zile 2,000 zinakwenda kwenye kodi ya chumba, balbu na misumari. Aliyekaa zamu hapati hata nauli. Maana yake ni kwamba asiyeuza anamlipia anayeuza, na wote wawili wanaita hali hiyo umoja. Mambo huenda vizuri hadi anayeuza apate wateja wanaompigia simu moja kwa moja. Jina lake linabaki ukutani lakini hatokei tena kwenye zamu, na lawama zinazofuata kwenye mikutano huwa na sura ya ugomvi wa tabia. Nimesoma tathmini nyingi za vikundi vilivyokufa, na nyingi zinalaumu ubinafsi. Mimi nalaumu hesabu.

Kuna pia suala la nani atundikwe. Ukuta ukiwa wazi kwa kila mtu, wazuri wanaona haya kusimama hapo. Kamati ikichagua, waliokataliwa hawarudi, na katika mji mdogo aliyekataliwa ni shemeji yako. Msimamo wangu ni kwamba ukuta uwe wazi mara moja kwa mwaka na kamati ichague miezi mingine, lakini sura ya tano inampa nafasi mwenzangu anayepinga. Kuhusu usajili, katiba ya kikundi na akaunti ya benki, kila nchi ina taratibu zake na maofisa wa maendeleo ya jamii wanazijua kuliko mimi. Nitaongeza jambo moja la fundi: desturi ya kutundika picha ili kitovu chake kiwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni ilipimwa kwa macho ya mtu mzima. Kama wageni wako wengi ni wanafunzi wa darasa la tatu, shusha misumari.

Ushahidi wetu haudumu. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi za Paa ya Paa, na kwingineko panya na mvua hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Ukienda uwandani, omba ruhusa upige picha vitabu vitatu kabla ya kupiga picha mchoro wowote: cha wageni, cha risiti na daftari la zamu. Anza na la zamu. Hesabu ni majina mangapi tofauti yanatokea kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Ukifika mwezi ambao jina moja linaanza kujaza Jumamosi zote, weka alama, kisha ufungue kitabu cha risiti uangalie katika mwezi huo nani alikuwa akiuza.