Kuchagua Rafadha ya Boti ya Chama

Chama cha wavuvi kinapojadili ununuzi wa injini ya kupachika, aghalabu mkutano hutumia muda mwingi juu ya nguvu za farasi na bei. Rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, haitajwi kabisa. Huchukuliwa ile iliyokuja na injini dukani. Uzembe huo mdogo huweza kukigharimu chama petroli nyingi kila safari, na hata injini yenyewe kabla mkopo wake haujamalizika.

Rafadha hutambulishwa kwa namba mbili, kwa kawaida za inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara lichorwalo na ncha za mapanga yake. Ya pili ni hatua, nayo ni umbali ambao rafadha ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, mfano wa skrubu iingiavyo katika ubao. Rafadha ya 10 kwa 9 ina kipenyo cha inchi 10 na hatua ya inchi 9. Bali maji si ubao: huteleza, na kadiri chombo kilivyo kizito ndivyo mtelezo unavyozidi.

Jina hilo la hatua lafaa sana. Mchukuzi asiye na mzigo hupiga hatua ndefu. Akitwikwa gunia hupiga fupi fupi, na akilazimishwa kupiga ndefu huanguka. Injini ni vivyo hivyo. Kitabu chake hutaja mizunguko inayotakiwa wakati mafuta yamefunguliwa yote, na kwa injini nyingi za siku hizi ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Hatua ikiwa kubwa mno, injini hulemewa na haifiki hapo. Hunywa petroli bure, hupata joto, masizi huganda kwenye pistoni, na mwisho pistoni huungua. Hatua ikiwa ndogo mno, injini huzunguka kupita kiasi na kuchakaa upesi. Kwa makadirio, kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200. Basi injini inayoishia 4,700 mahali pa 5,000 yahitaji rafadha iliyopungua inchi mbili.

Kipimo hicho kifanywe boti ikiwa na mzigo wake wa kweli: mabaharia wote, nyavu, barafu na madumu ya petroli. Hapa ndipo vyama vingi hudanganyika. Boti tupu hujaribiwa mbele ya wanachama asubuhi ya shwari, hukimbia vizuri, watu wakapiga makofi. Wiki ya pili inarudi na samaki, pepo za kusi zikiipiga usoni, na injini inakoroma. Fundi mwenye kipima mizunguko atamaliza kazi hiyo kwa nusu saa.

Yafaa pia ieleweke kwamba mashua nzito ya mbao ina mwendo wake wa mwisho, utokanao na urefu wake majini. Yenye mita 7.5 majini haizidi sana kilomita 12 kwa saa, kwani huanza kupanda wimbi inalolitengeneza yenyewe. Kuifunga rafadha ya hatua ndefu, iliyokusudiwa boti nyepesi za kwenda mbio, hakuiongezei mwendo. Chombo cha namna hiyo chataka kipenyo kikubwa kadiri injini inavyoruhusu, na hatua fupi. Nahodha huenda akanung'unika, kwa kuwa yeye hupenda kuwahi mnadani. Lakini petroli, katika vyama vingi, hukatwa kabla ya mgawo, hivyo kila baharia huilipia.

Kuhusu madini, alumini yatosha. Chuma cha pua ni imara zaidi na pia ni ghali zaidi. Kikigonga mwamba, kishindo huweza kwenda moja kwa moja kwenye gia, ambapo panga la alumini lingepinda au kuvunjika. Penye miamba mingi ni afadhali kupoteza panga kuliko gia.

Boti ikivuma ghafla bila kusonga, rafadha isilaumiwe upesi. Pengine injini imefungwa juu mno na mapanga yanavuta hewa, au pini imekatika, au mpira wa kitovuni umelegea. Mshipi wa nailoni nao hujizungusha nyuma ya rafadha na kukata sili. Dalili yake ni mafuta ya gia kuwa meupe kama maziwa.

Katibu aandike katika daftari la mali namba zote mbili za rafadha iliyofaa, mizunguko iliyopatikana na lita zinazotumika kwa safari. Rafadha ya akiba iwe na namba hizo hizo, nayo ikae botini pamoja na pini na spana yake, wala si katika kabati la ofisi.