Kumbukumbu za Wanafunzi Weusi katika Vyuo vya Marekani

Wako miongoni mwetu, watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, ambao wakiona picha za wanafunzi weusi wa Marekani wamejipanga safu, wamevaa rangi moja, wakipiga miguu na makofi, au wamejitanda kitambaa cha kente juu ya joho la shahada, husema papo hapo kwamba hawa wameacha vitabu wakashika ngoma. Na wako Wamarekani, tena wenye vyeo na mamlaka ya kutunga sheria, wasemao kuwa sherehe hizo ni fitina ya siasa iliyoingizwa vyuoni ili kuwagawa vijana. Makundi haya mawili hayajuani, lakini yamekutana katika kosa moja, nalo ni kuzihukumu mila za watu bila ya kuuliza zimetoka wapi na nani aliyezigharimia. Mimi nazipenda mila hizi, wala sitayaficha mapenzi yangu.

Nitaanza na ile niipendayo kuliko zote, ambayo huadhimishwa kila tarehe 6 Oktoba katika Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Chuo hiki kilifunguliwa mwaka 1866, mara baada ya vita vilivyoukomesha utumwa, katika mabanda yaliyokuwa hospitali ya jeshi, na wanafunzi wake wa awali walikuwa wazee kwa vijana waliotoka utumwani juzi, wenye kiu ya kusoma. Haikupita miaka mingi ila madeni yakakizidi nguvu, hata mwekahazina wake, Mzungu aliyeitwa George White, ambaye pia ndiye aliyewafundisha kuimba, akawachukua wanafunzi tisa siku ile ya 6 Oktoba 1871, wakatoka kwenda kuimba katika miji ya kaskazini ili wakiokoe chuo chao. Wengi wao walizaliwa utumwani. Ella Sheppard, aliyewapigia piano, alikombolewa na baba yake kwa fedha angali mtoto mdogo. Na faida haba waliyoipata Cincinnati, isiyofika dola 50, nao wenyewe wakiwa katika dhiki, waliitoa sadaka kwa watu wa Chicago walioteketezewa mji wao kwa moto siku zile zile.

Hapo mwanzo waliimba nyimbo walizodhani zingewaridhisha wasikilizaji Wazungu. Zile nyimbo za dini za wazazi wao, zilizoimbwa mashambani na katika ibada za siri za usiku, waliona haya na uchungu kuzitoa hadharani, kwa kuwa zilikuwa amana ya walioteswa. Lakini zilipoimbwa, hizo ndizo zilizowaliza watu, ndizo zilizowafikisha Uingereza mwaka 1873 mbele ya Malkia Victoria, na fedha zilizotokana nazo ndizo zilizojenga Jubilee Hall, jengo lililofunguliwa mwaka 1876 na lingali limesimama hata leo. Basi kila mwaka siku hiyo ifikapo, chuo hukusanyika, waimbaji wa zama hizi huimba, kisha hufanya ziara mpaka makaburini walikozikwa waimbaji wa kwanza, na huko huziimba tena zile nyimbo za kale mbele ya wenyewe waliozitoa. Mtu aliyewahi kuhudhuria Maulidi ya Lamu, akafuatana na umati kulizuru kaburi la mwanachuoni Habib Swaleh, hahitaji kuelezwa zaidi. Wanaozuru wanakiri kwamba elimu waisomayo ina wenyewe walioilipia, na kwamba adabu ya kwanza ya mwanafunzi ni kuwajua hao kwa majina yao.

Uzushi mwingine usemwao sana, na baadhi ya watu weusi wenyewe huurudia, ni kwamba serikali ya Marekani iliwatupia Februari iwe mwezi wa historia yao kwa sababu ndio mfupi kuliko yote. Hakuna aliyewatupia kitu. Carter G. Woodson, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyechimba makaa ya mawe West Virginia kabla ya kupata udaktari wa historia katika Harvard mwaka 1912, ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 juma la kusoma historia ya watu weusi, na akaliweka Februari kwa kuwa tangu zamani watu wake walikuwa wakiadhimisha katika mwezi huo siku za kuzaliwa za Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Kisha wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio, pamoja na walimu wao, ndio waliotaka mwaka 1969 juma hilo liwe mwezi mzima, wakautimiza mwaka 1970. Rais Gerald Ford aliutambua mwaka 1976. Yaani dola ilifika miaka sita baada ya vijana. Katika mwezi huo husomwa makala, huitwa wazee wasimulie, na huimbwa ule wimbo wa James Weldon Johnson na nduguye ambao uliimbwa mara ya kwanza na watoto 500 wa shule mjini Jacksonville mwaka 1900, nao uimbwapo hakuna akaaye kitako.

Sasa nije kwenye hiyo miguu ambayo wenzetu wanaiona kuwa ni upuuzi. Katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, kilichoanzishwa mwaka 1867, kuna uwanja wa katikati ambao vyama vya udugu vya wanafunzi weusi vina miti yao humo, kila chama na mti wake na rangi zake. Chama cha wanawake cha Alpha Kappa Alpha kilizaliwa hapo mwaka 1908. Na cha Delta Sigma Theta kilianzishwa na wasichana 22 mwezi wa Januari 1913, ambao kabla ya kutimia miezi miwili walikuwa barabarani, tarehe 3 Machi, katika maandamano makubwa ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Anayeingizwa chamani hulazimika kuihifadhi moyoni historia yote ya chama hicho, majina ya waanzilishi, siku, mahali na mashairi, kisha husimama na wenzake safu moja, bega kwa bega, mbele ya halaiki, wakayasoma kwa sauti moja huku nyayo na viganja vikishika mahadhi. Na ikumbukwe kwamba katika jimbo la South Carolina, baada ya maasi ya watumwa ya mwaka 1739, sheria ya mwaka 1740 iliwaharamishia watumwa kupiga ngoma, kwa khofu kwamba ngoma huita watu vitani. Waliopokonywa ngoma walibakiwa na miili yao wenyewe, na mtu ajuaye habari hiyo hawezi tena kuitazama miguu ile kwa dharau. Yako maovu ya kuwapiga na kuwatesa wanaoingizwa vyamani, nami siyatetei hata kidogo.

Upande wetu tuna deni la namna yake. Mwaka 1966 Maulana Karenga alipoianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, aliipa misingi yake saba majina ya Kiswahili. Kwaya iliyoanzishwa na wanafunzi weusi wa Harvard mwaka 1970 inaitwa Kuumba. Na katika Chuo Kikuu cha Cornell limo bweni liitwalo Ujamaa, lililofunguliwa mwaka 1972, miaka mitano tu baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 wengi katika watu hawa walikuja Dar es Salaam, kwenye Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika, kwa kuwa waliamini kwamba huku kuna ndugu. Kisha sisi twawacheka matamshi.

Hivi sasa mila hizi zimeanza kubomolewa. Sheria iliyoanza kutumika Texas tarehe 1 Januari 2024 ilivikataza vyuo vya umma kuwa na ofisi za kuhudumia wanafunzi kwa misingi ya asili zao. Utah ikafuata mwezi wa Julai, na Chuo Kikuu cha Utah kikakifunga kituo chake cha utamaduni wa watu weusi. Na Alabama mwaka huo huo wanafunzi weusi wa chuo kikuu cha jimbo wakanyang'anywa chumba cha chama chao. Hoja itolewayo ni usawa. Lakini mila iliyojengwa na watu kwa jasho lao, wakati milango ya vyuo vingi ilikuwa imefungwa mbele yao, haimnyimi mtu mwingine chochote, na kuifunga kwa jina la usawa ni dhuluma.

Basi kijana wa Mombasa, wa Unguja au wa Kigoma ajaaliwaye kwenda kusoma kule, namsihi asijitenge chumbani akasema kwamba mambo hayo hayamhusu. Na aende Februari, asimame nao wimbo uimbwapo, aulize majina ya waanzilishi na ayaandike. Na pale chumba chao kitakapofungwa, awakaribishe kwake.