Boriti Iliyooza Itue Mzigo Kwanza

Mwenye nyumba mmoja wa pwani, ghorofa yake ikitazama bahari, alinionyesha boriti ya barazani. Ilikuwa imepigwa plasta mara tatu, na mara zote tatu plasta ikadondoka. Niliigonga kwa nyundo ndogo. Mwishoni ililia kavu. Katikati ikatoa sauti ya debe tupu. Tulipobandua zege tukakuta ringi imeliwa, imebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti.

Zege zima huikinga nondo kwa ualkali wake. Chumvi ya upepo wa bahari, au ya mchanga wa ufukweni usiooshwa, hupenya taratibu na kuuvunja ulinzi huo. Kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani, na ufa wake hufuata mstari wa nondo. Ufa wa mzigo una njia nyingine: huanzia tumboni mwa boriti, katikati, ukapanda juu, au hukaa mshazari karibu na nguzo. Huo wa mshazari ndio unaoninyima usingizi, maana boriti ikishindwa hapo huanguka bila kuaga.

Kinachopuuzwa sana katika ukarabati ni mirunda, nguzo za muda za kuitegemeza boriti. Ukiongeza nondo wakati boriti bado imebeba mzigo wake, nondo hizo hazitaugusa mzigo wa zamani. Zitangoja utakaokuja baadaye. Mhandisi apige hesabu, boriti iwekewe mirunda na kunyanyuliwa kidogo kwa jeki. Ndipo zege bovu libanduliwe hadi nyuma ya nondo, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, nondo na ringi ziongezwe, zege jipya limwagwe. Likishakomaa, mirunda hutolewa, na chuma cha zamani na kipya hubeba pamoja.

Upo pia utepe wa nyuzi za kaboni, unaobandikwa kwa gundi ya epoksi. Mwaka 1991, daraja la Ibach huko Lucerne, Uswisi, ambalo kebo yake iliharibiwa na watoboaji zege, liliimarishwa kwa kilo 6.2 tu za tepe hizo badala ya kilo 175 za chuma. Nazipenda mno. Lakini gundi hulegea kwa moto, na utepe hauna pa kushika ila kwenye zege lililo chini yake. Bandika juu ya zege linalolia debe, utabanduka nalo.

Jioni ile ile tulisimamisha mirunda minane barazani, na watoto waliokuwa wakilala chumba cha juu yake wakahamishiwa nyuma.