Cherehani kuukuu: Jinsi ya kuikagua, kuifufua na kuanza kushona

Cherehani za zamani za chuma, hasa za Singer, bado zina wanunuzi. Fundi anayeanza huipenda kwa kuwa haihitaji umeme, na mfanyabiashara huipenda kwa kuwa ikishona huuzika. Isiposhona, aliyeinunua amebeba chuma kizito kwa bei ya mashine. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyafanya mwenyewe.

Uvumi wa zebaki

Tuanze na suala la bei. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia ulienea uvumi kwamba ndani ya Singer za zamani kuna "zebaki nyekundu" yenye thamani kubwa. Watu walizipitishia simu za mkononi kwenye sindano wakidai kwamba mawasiliano yakikatika, basi zebaki ipo. Bei zilipanda kupita kiasi, na polisi wakaingilia kati. Ndani ya cherehani hakuna zebaki. Kuna chuma, mafuta na vumbi la nguo. Mtu akikutajia bei ya ajabu kwa sababu hiyo, ondoka.

Umri nao haupandishi bei sana. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980, kilikuwa kikitoa zaidi ya mashine milioni moja kwa mwaka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Herufi K kwenye jina la aina, kama 15K au 99K, huonyesha kuwa mashine ilitoka huko.

Kukagua kabla ya kulipa

Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako. Sindano ipande na kushuka, na meno yaliyo chini yasogee. Gurudumu likizunguka bila sindano kusogea, kaza skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu, kwani mara nyingi imelegezwa tu ili kujaza bobini.

Gurudumu likigoma kabisa, usikate tamaa. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Kinachopaswa kukutisha ni ufa kwenye mwili wa mashine au kwenye miguu ya meza, na vipuri vilivyopotea.

Angalia pia bobini. Aina ya 15 hutumia bobini ya mviringo ambayo hupatikana kwa urahisi, kwa sababu cherehani nyingi za Kichina, zikiwemo Butterfly, zilifuata muundo huo. Mashine zenye bobini ndefu ndani ya chombo kinachofanana na mtumbwi mdogo hushona vizuri, lakini vipuri vyake ni adimu. Chombo hicho kikikosekana, punguza bei au uiache.

Kuifufua

Toa sindano na bobini. Kwa brashi, ondoa vumbi na nyuzi chini ya bamba la meno. Kisha tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila kiungo, mbali na moto, na uiache usiku mzima. Asubuhi, tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo. Usilazimishe kwa nyundo wala koleo. Rudia hadi izunguke yote.

Mashine ikilegea, futa mafuta ya taa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kila mahali palepale. Mafuta ya kupikia huganda, na oili chafu ya gari hujaza uchafu. Mwili ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Thina na spiriti huondoa maua na maandishi ya dhahabu, ambayo mnunuzi huyaangalia kwanza.

Mkanda wa ngozi ukiwa umelegea, kata kipande kidogo na uuunge tena kwa pini yake ya waya.

Kushona kwa mara ya kwanza

Anza bila uzi. Inua mguu wa kukandamiza, kisha kanyaga pedali hadi uweze kuanza na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma, maana likirudi uzi hukatika. Halafu shona karatasi yenye mistari, bado bila uzi, ili mkono ujifunze kunyoosha.

Weka sindano mpya. Aina ya 15, 66, 99 na 201 hutumia sindano ya kawaida ya nyumbani, 15x1. Isukume juu hadi mwisho. Mfereji wake mrefu utazame upande uzi unakoingilia. Namba 90 inafaa kitenge, na namba 100 kaki na jinzi. Turubai la lori ni kazi ya mashine ya kiwandani.

Tunga uzi mguu ukiwa juu. Shika uzi wa juu, zungusha gurudumu mara moja, na uzi wa bobini utapanda. Vuta zote mbili nyuma, kisha shusha mguu na uanze.

Vitanzi vikitokea chini ya nguo, kosa kwa kawaida liko juu: tunga upya, kisha kaza kidogo kidude cha kubana uzi. Mishono ikirukwa, badilisha sindano kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Njiani na mpakani

Kwa wasafirishaji: mwili wa mashine hizi na miguu ya meza ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Hakipindi, hupasuka, na kukichomelea ni kazi ngumu. Toa kichwa mezani, kifunge peke yake kwa matambara, na usikinyanyue kwa gurudumu. Vipuri vidogo vitie kwenye mfuko uliofungwa kwenye kichwa chake.

Mpakani, cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zinazotoka nchi wanachama. Singer ya Scotland haistahili, hata kama imekaa Mwanza au Kisumu miaka 60. Itangaze kama cherehani iliyotumika, kichwa cha ushuru 84.52, na uulize kodi yake kabla ya kupanga bei.