Likizo kisiwani Lamu: Utoke na chakula gani Rongai?

Shule zinapofungwa mwezi wa Disemba, kuna aila za Rongai na sehemu nyingine za Nakuru ambazo hufunga safari kwenda pwani. Si wote wanaolala hotelini. Wengine hukodi nyumba nzima yenye jiko na kujipikia kwa juma zima, hasa wanaokwenda katika mji wa Lamu au kijiji cha Shela, ambako nyumba za aina hiyo ni nyingi. Ni njia nzuri ya kupunguza gharama. Hata hivyo, jiko la Lamu si jiko la Rongai, na mama asiyelizingatia jambo hilo anaweza kuimaliza likizo akimuuguza mtoto anayeharisha.

Rongai iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Ndiyo maana wengi wetu tumezoea kuiacha githeri au wali ndani ya sufuria jioni, tukaupasha moto asubuhi na kuula kwa chai. Hata huku juu wataalamu wa afya hawaipendi desturi hiyo. Kule Lamu ni hatari hasa, kwani joto la Disemba hufika nyuzi 30 na zaidi, na usiku halishuki sana. Vijidudu vinavyoharibu chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na katika joto la pwani vyaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 tu.

Wengi hudhani kuwa kuchemsha upya humaliza shida. La hasha. Wali una kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto mpaka uungue. Kanuni ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, kisizidi saa moja. Umeme nao ukipotea usiku kucha, usilihesabu friji kuwa friji.

Basi mpango wa ununuzi uanzie hapo: pika kinachoisha. Tuseme mko sita, yaani baba, mama, nyanya na watoto watatu. Robo tatu ya kilo ya mchele hutosha mlo mmoja, na pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa ugali wa milo miwili hivi (wenyeji watauita sima, usishangae). Ukiandika kwenye karatasi milo yote ya siku saba kabla ya kwenda dukani, utaona kwamba kilo 10 za unga ambazo ungebeba kwa hofu hazina kazi. Unga uliobaki wazi katika unyevunyevu wa bahari hushika ukungu, na unga wenye ukungu hutupwa, haupepetwi. Tusisahau mwaka 2004, wakati mahindi yaliyoingia sumu ya aflatoksini yalipoua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na maeneo jirani. Sumu hiyo pia haiishi kwa kupikwa.

Kutoka nyumbani beba vitu vikavu na vile vinavyostahimili safari: maharagwe yaliyochaguliwa, ndengu (hizi huiva upesi, gesi haiishi), vitunguu, viazi na kabichi mbili tatu ngumu. Mboga za bara hufika Lamu zikiwa zimesafiri kama wewe, na bei yake husafiri nazo. Nyama usibebe kabisa. Kupitia Nairobi na Mombasa mpaka kivuko cha Mokowe ni karibu kilomita elfu moja, na barafu ya kwenye ndoo haifiki. Kumbuka pia kwamba kutoka Mokowe mzigo huingia mashuani, na ukishuka gatini hubebwa na hamali au punda. Pakia katika viondo na makatoni yanayobebeka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Aliyezoea maziwa ya ng'ombe wake, au mursik ya kwenye kibuyu, atapata taabu kidogo. Nunua maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji, lakini chagua pakiti ndogo za nusu lita zinazoisha kwa chai moja. Pakiti ikishafunguliwa, maziwa hayo huharibika kama mengine yoyote.

Vilivyobaki vinunuliwe kisiwani, kila asubuhi, vya siku hiyo tu. Soko liko kando ya Ngome ya Lamu. Disemba ni msimu wa maembe, na nazi, ndizi na ndimu hupatikana. Nyumba nyingi huwa na mtunzaji, na baadhi zina mpishi. Mpigie simu kabla hujafunga mizigo, umuulize kama jiko ni la gesi au makaa, na kama mwenye nyumba anaruhusu pombe au nyama ya nguruwe, kwani uko katika mji wa Waislamu na si adabu kuleta mzozo jikoni mwa mwenyeji wako.

Samaki ndiye atakayewavutia zaidi, na ndiye wa kuangaliwa zaidi. Macho yake yawe maangavu, matamvua mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani, mwilini mwao hutokea histamini, ambayo haiondolewi na moto wa kukaanga wala wa mchuzi. Mlaji huwashwa mwili, uso humwiva na kichwa humgonga kabla hajamaliza kunawa. Nunua mapema, ukapike mchana. Na watoto wakivua wenyewe samaki anayejivimbisha kama mpira, huyo ni bunju. Ana sumu inayoua. Asiliwe.

Maji ya kunywa yapigie hesabu kama unga. Katika joto hilo mtu mzima huhitaji lita 3 hivi kwa siku na mtoto lita 2. Kwa watu sita hizo ni lita 15, yaani lita 105 kwa juma. Usiyabebe kutoka bara. Nunua mitungi ya lita 20 huko huko, au chemsha ya nyumbani. Barafu ya vinywaji nayo itokane na maji hayo hayo.

Katika kifurushi cha chumvi na majani ya chai, weka pia pakiti kadhaa za ORS na vidonge vya zinki kutoka duka la dawa. Mtoto akianza kuharisha, mpe ORS kidogo kidogo kila mara, huku akiendelea kula au kunyonya. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10. ORS ikiisha, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje asubuhi: mpeleke hospitali ya King Fahd, iliyo papo hapo mjini Lamu. Ukiwa Shela utahitaji mashua, kwa hivyo jioni ya kwanza kabisa chukua nambari ya simu ya nahodha.