Upepo wa Kusi na Maji ya Bamvua

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza kupungua, Pwani ya Kenya huingia katika majira yake ya baridi. Wenyeji huyaita kipupwe. Majira hayo huanza mwezi wa Juni na kuendelea mpaka Agosti, na upepo unaotawala wakati huo ni kusi. Mtu atokaye bara aweza kucheka akisikia neno baridi likitajwa Mombasa, kwa maana joto la mchana katika mwezi wa Julai huwa yapata digrii 27 au 28, na usiku halishuki sana chini ya digrii 20. Lakini kwa mvuvi wa Gazi, Kilifi au Lamu kipupwe si jambo la kuchekwa. Ndiyo miezi ambayo bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa vimefungwa siku nyingi, na nyumba hupungukiwa kitoweo na fedha. Na mvuvi asiyeweza kuvumilia upungufu huo hutoka siku isiyofaa, naye pengine harudi.

Kwa hiyo yafaa kila akaaye Pwani afahamu kusi hutoka wapi, kwa nini maji hupwa na kujaa, na ni tofauti gani iliyopo kati ya utabiri wa maji na utabiri wa hewa.

KUSI HUTOKA WAPI

Mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini wa dunia. Nchi za Asia hupata joto kali, na hewa ya huko, ikiisha kupata joto, huwa nyepesi na kupaa. Wakati huo huo upande wa kusini wa dunia umo katika baridi, na hewa yake ni nzito. Hewa hiyo nzito, iliyo juu ya Bahari ya Hindi kusini na mashariki ya kisiwa cha Madagaska, huenda kaskazini ili kujaza mahali pa ile iliyopaa. Mwendo huo wa hewa ndio upepo wa kusi. Ukiisha kuvuka Ikweta hugeuka kuelekea mashariki, ukaenda mpaka India, na huko hupeleka mvua kubwa.

Basi baridi ya Mombasa ni baridi ya nusu ya kusini ya dunia, iliyochukuliwa na upepo. Hewa hiyo hiyo yenye unyevu wa bahari, ikipanda mpaka nyanda za juu, hufanya yale mawingu mazito yanayofunika Limuru na Nyandarua katika Julai, ambako joto la usiku laweza kushuka chini ya digrii 10. Mkulima wa bara na mvuvi wa Pwani hupigwa na upepo mmoja, ila kila mmoja huujua kwa jina lake.

Kusi huanza kuvuma Aprili, hupata nguvu zake Mei mpaka Agosti, kisha hulegea. Wazee wa bahari waliyajua hayo tangu zamani. Walihesabu siku za mwaka kwa miongo, yaani siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yalirudi kwao kwa kusi, lakini manahodha waliichagua mwanzo wa kusi, au waliingoja demani, upepo unapopungua. Kusi lilipokuwa limepamba moto, hata majahazi makubwa yalitulia bandarini. Mwenye ngalawa na auzingatie mfano huo.

Tena kusi huuzidishia nguvu mkondo wa bahari uendao kaskazini kando ya pwani yetu. Katika miezi hiyo mkondo huo waweza kufikia mwendo wa noti 4, yaani zaidi ya kilometa 7 kwa saa. Chombo kilichoharibika mtambo nje ya miamba, kikikokotwa kwa mwendo huo, usiku mmoja tu waweza kukipeleka mbali sana na mahali watu wanapokitafuta.

KUPWA NA KUJAA

Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa: ni mahali maji yanapopwa. Kinachoyavuta maji hayo ni mwezi, na jua nalo husaidia, ingawa nguvu yake juu ya bahari haifikii nusu ya ile ya mwezi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta katika mstari mmoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Kwa kawaida bamvua lenyewe hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Mabamvua makubwa kupita yote huwa karibu na miezi ya Machi na Septemba, wakati jua linapokuwa juu ya Ikweta.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Katika bandari ya Kilindini, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne au saa tano. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi.

JINSI YA KUSOMA JEDWALI LA MAJI

Kwa kuwa mwendo wa mwezi na jua wajulikana barabara, maji ya mwaka ujao yaweza kuhesabiwa leo. Katika miaka ya 1870 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mtambo wa magurudumu wa kuifanya hesabu hiyo. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji la kila mwaka, lenye saa na kimo cha maji kwa kila siku.

Kimo hicho huhesabiwa kutoka karibu na mahali pa chini kabisa maji yanapopwa. Kama ramani ya bahari yaonyesha kwamba juu ya fungu la mchanga pana mita 1 ya maji, na jedwali lasema maji yatajaa mita 3.5, basi wakati wa kujaa patakuwa na mita 4.5. Maji yakipwa mpaka mita 0.3, patabaki mita 1.3 tu. Nahodha aliyepita hapo alfajiri bila shida aweza kukwama hapo hapo saa nne.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme maji yatapanda mita 3.6, kama futi 12, katika saa sita. Saa ya kwanza hupanda kama mita 0.3, saa ya pili 0.6, saa ya tatu 0.9, saa ya nne 0.9, saa ya tano 0.6, na saa ya sita 0.3. Basi nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati. Hapa ndipo penye hatari kwa wanawake na vijana waendao mwambani kutafuta pweza na kome wakati wa bamvua. Huyaona maji yakirudi polepole, wakadhani muda ungaliko. Kumbe maji huanza kwa kujaza mikondo iliyo nyuma yao, na wanapogeuka kurudi ufukoni njia imekwisha kufungwa. Sheria ni moja: maji yakianza kurudi, nawe rudi.

UTABIRI WA HEWA SI HESABU YA MAJI

Jedwali la maji ni hesabu. Utabiri wa hewa ni makadirio. Upepo haufuati ratiba kama mwezi. Watabiri hupima uzito wa hewa, joto, unyevu na mwendo wa upepo, hutazama picha za setilaiti, kisha hukadiria hali ya siku chache zijazo. Kazi hiyo ilipangwa kwa nchi zetu tangu mwaka 1929, ilipoanzishwa idara ya hewa ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilibaki na idara yake yenyewe, nayo hutoa habari za upepo na mawimbi kwa watu wa Pwani.

Ikitangazwa kwamba upepo utazidi noti 25, maana yake ni mwendo wa zaidi ya kilometa 46 kwa saa. Huo si upepo wa ngalawa wala mtumbwi. Na kwa kuwa utabiri wa siku ya tano si thabiti kama ule wa kesho, haitoshi kuusikia mara moja kwa juma. Yapasa usikilizwe kila siku.

MAMBO MAWILI YAKIKUTANA

Jedwali la maji halina habari ya upepo. Ubaya wa kusahau jambo hilo ulionekana Ulaya usiku wa tarehe 31 Januari 1953. Ilikuwa majira ya baridi na maji ya bamvua. Dhoruba kutoka kaskazini ilisukuma maji ya Bahari ya Kaskazini mpaka, mahali pengine, yakapanda zaidi ya mita 2 juu ya kimo kilichohesabiwa. Katika Uingereza walikufa watu 307 nchi kavu, na katika Uholanzi 1,836. Wengi walikuwa wamelala, bila onyo lolote. Baada ya msiba huo Uingereza iliweka watu wa kuangalia upepo na maji kwa pamoja na kutoa onyo mapema.

Pwani yetu i karibu na Ikweta, na tufani kubwa huifikia kwa nadra. Hata hivyo majirani wamezionja: Unguja mwezi wa Aprili 1872, Lindi mwezi wa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilichopiga kisiwa cha Mafia mwezi wa Mei 2024. Lakini kwetu hatari ya kila mwaka ni nyingine. Maji ya bamvua yanapotoka kwa nguvu katika mlango wa Kilindini, Mtwapa au Kilifi, hukabiliana na kusi livumalo kutoka baharini. Vitu hivyo viwili vikigongana, mawimbi huinuka mafupi, marefu kwenda juu, na kuvunjika. Chombo kilichosafiri salama usiku kucha chaweza kupinduka mlangoni mwa nyumba yake.

MASHAURI

Kabla ya kutoka, mvuvi na ajiulize mambo matatu: mwezi ni wa ngapi, maji yatapwa saa ngapi, na utabiri wa leo wasemaje. Aujue mlango wa mwamba atakaorudia, na auingie wakati maji yanapojaa, si yanapotoka. Akumbuke kwamba kusi huwa pole alfajiri na kuzidi mchana. Amwambie mtu wa nyumbani aendako na saa ya kurudi, ili akichelewa atafutwe mapema, tena upande wa kaskazini. Na kila aingiaye chomboni awe na jaketi la kujiokolea, hata kama ni mwogeleaji hodari.

Kipupwe hupita, na demani huja na bahari iliyotulia. Siku moja ya kukaa pwani bila samaki ni hasara ndogo. Chombo huundwa tena, bali mtu haundwi.